Mzee, muulize anatupa mita ngapi

Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada huku kwetu Muleba, mama mmoja aliambiwa mbele ya watu kwamba binti yake anaiaibisha familia. Kosa la binti ni kufanya mazoezi ya kutupa tufe akiwa amevaa tisheti na skintaiti. Mama alijifunga kanga vizuri, akaondoka bila kujibu. Jumapili iliyofuata binti hakuonekana kwenye kwaya.

Nguo ile ina kazi. Mtupa tufe hujigeuza kwa kasi ndani ya duara dogo, na sketi pana itamnasa miguuni. Kwa wanaonyanyua vyuma, mwamuzi lazima aone kiwiko na goti vimenyooka. Hata hivyo, mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliruhusu vazi la kubana linalofunika mwili mzima, baada ya Kulsoom Abdullah, Mwislamu wa Marekani, kuomba kushindana akiwa amejisitiri. Mwaka 2021 wanawake wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa faini kwa kuvaa bukta badala ya bikini! Huku wanaambiwa wafunike, kule wafunue, na anayeamua mara nyingi si yeye anayetoka jasho.

Nasi tumepitia hayo. Mwaka 1969 Vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana, wakipiga vita sketi fupi. Miaka minne kabla yake, Theresia Dismas alitwaa medali ya fedha ya kutupa mkuki katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Sijawahi kusikia mtu akiuliza alivaa nini.

Utanikumbusha maneno ya Paulo kwa Timotheo kuhusu kujisitiri. Soma mpaka mwisho: anavyovitaja ni dhahabu, lulu na nguo za gharama. (Sare za harusi zetu hatuzikemei.) Na Mithali 31 inamsifu mwanamke mwenye mikono yenye nguvu, na nguvu hizo inaziita vazi lake.

Nakubali, akitoka uwanjani ajifunge kitenge. Ndiyo adabu yetu. Lakini mabinti hawa hawa hupanda milima na madumu ya maji na mikungu ya ndizi kichwani, na nguvu hizo hatuzionei aibu.

Mzee wangu uliyesema yale, najua unasoma safu hii. Nenda kwa yule mama leo, kabla jua halijazama. Ukimkuta binti, muulize anatupa mita ngapi.