Kabla ya Kununua Mashine Nyingine ya Kukereza

Puli ya mashine ya kusaga nafaka ikipasuka, kijiji hakisagi mpaka ipatikane nyingine. Fundi ana njia mbili: achukue kipande kizima cha chuma cha pua, akifunge kwenye mashine ya kukereza na kukichonga hadi kipate umbo, au apeleke sampuli karakana ya kusubu, chuma kiyeyushwe na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Mipango yetu ya viwanda inavutiwa mno na njia ya kwanza, hasa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mimi naona fedha za umma zianze na ya pili.

Tupige hesabu. Puli yenye kipenyo cha milimita 300 na upana wa milimita 80, ukiichonga kutoka kipande kizima, unaanza na chuma cha takribani kilo 44. Ikishatobolewa na kupunguzwa pembeni, puli yenyewe inaweza kubaki na kilo 15. Zinazosalia zimedondoka sakafuni, nazo zitauzwa kwa bei ya chuma chakavu, ilhali chuma hicho mara nyingi kiliagizwa nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Kusubu hakupotezi chuma kiasi hicho, lakini kunadai gharama mwanzoni, yaani kielelezo cha mbao kinachoacha umbo la puli ndani ya mchanga. Tuseme kielelezo kimegharimu shilingi 300,000. Ukisubu puli moja, mzigo wote ni wake; ukisubu 100, kila moja inabeba 3,000. Ndiyo maana mteja mmoja mwenye haraka yuko sahihi kwenda kwa mkerezaji. Kosa ni sisi kama taifa kufanya mahesabu ya mteja mmoja, wakati mashine za kusaga zimejaa nchi nzima na puli zake zinafanana.

Kielelezo hicho ndicho chenye elimu adimu. Chuma cha kusubu hunywea kwa takribani asilimia moja kinapopoa, kwa hiyo kielelezo cha puli ya milimita 300 hutengenezwa kikiwa na 303, kisha huongezwa milimita chache za kuchongwa baadaye. Mahali penye unene na mahali pembamba hapakutanishwi kwa kona kali. Sehemu nene hupoa mwisho na inaweza kubaki na tundu ndani. Mchanga ukizidi unyevu, mvuke unaacha mapovu kwenye chuma. Haya yote fundi huyaamua akiwa na ubao mkononi, moto haujawashwa.

Shafti ni habari nyingine. Inasokotwa na kupindwa kutwa nzima, na chuma cha kawaida cha kusubu, hodari kikikandamizwa, hukatika upesi kikivutwa. Shafti ichongwe kutoka nondo ya chuma cha pua, bila mjadala. Hata puli iliyosubiwa lazima ipite kwa mkerezaji apate kusawazisha tundu na mifereji ya mkanda. Kwa hiyo sisemi mashine za kukereza zitupwe. Nasema zinahitaji kitu cha kuchonga.

Tena kiunzi cha mashine ya kukereza chenyewe husubiwa kwa kawaida, kwa kuwa chuma hicho humeza mitetemo. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria, kilikusudiwa kutengeneza mashine za namna hiyo. Mpango wa Shirika la Maendeleo la Taifa wa kuweka hapo karakana ya kusubu unastahili kuungwa mkono kuliko ununuzi wowote wa mashine mpya.

Pingamizi zipo, na moja ni nzito. Tanuri hula vyuma chakavu, na mahitaji yakipanda, reli na nguzo za umeme huwa hatarini. Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya miundombinu kuhujumiwa, ikaifungulia tena Mei. Funzo ninaloliona hapo ni kwamba karakana inunue kwa risiti, kutoka kwa wauzaji waliosajiliwa.

Pingamizi nyingine ni ubora. Mafundi wetu wa mitaani ni mahiri kwa alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660. Chuma cha kusubu kinataka zaidi ya 1,150, na chakavu kilichochanganywa ovyo hutoa puli yenye ufa usioonekana. Basi Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ifundishe uchongaji wa vielelezo kama fani kamili, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) liweke katika mikoa yenye karakana nyingi kifaa cha kupima kilichomo ndani ya chuma kabla hakijamiminwa, mafundi wakitumie kwa ada ndogo. Bila kipimo hicho mwenye mashine ya kusaga ataendelea kuiogopa puli ya kusubiwa hapa nchini, na woga wake utakuwa na sababu.