Shangazi Hakuwa na Kosa



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ya damu. Msiogope, sitawachosha kwa maneno ya vitabu vikubwa. Lakini jambo hili liliingia parokiani kwetu likavunja nyumba moja, na mimi karani wenu nilikuwapo. Kwa hiyo nina deni la kulisema.

Katika kigango kimoja yuko fundi seremala, baba wa watoto watano. Alianza kuchoka bila sababu. Usiku alitoka jasho hata shuka zikalowa. Alikonda, lakini tumbo lilivimba upande wa kushoto chini ya mbavu, na akila matonge mawili alijiona ameshiba. Akanywa dawa ya malaria, haikumfaa. Ndipo ndugu zake wakaenda kwa mpiga ramli, wakarudi na jina: shangazi yao, mjane, aliyekuwa amegombana na fundi juu ya mpaka wa shamba. Kikao kikafanyika. Niliitwa kwa sababu najua kuandika. Niliyaandika yote, wala sikufungua kinywa kumtetea mama yule. Juma lilelile alifunga mzigo wake akahamia kwa binti yake, mbali.

Baadaye Bwana Padre alimpeleka fundi hospitali kubwa. Walipopima damu walikuta chembe nyeupe zimezidi mno. Wakapima zaidi, wakatoa jina la ugonjwa: saratani ya damu itokayo katika uboho, ile iendayo polepole. Fundi aliniletea karatasi ofisini nimsomee. Niliisoma kwa aibu, kisha nikaanza kuulizauliza na kusoma, nipate kuuelewa ugonjwa wenyewe.

Uboho mnaujua. Mfupa wa ng'ombe ukivunjwa, ndani mna kitu laini ambacho watoto hugombea kukinyonya. Nasi tunao, na ndimo damu yetu inamotengenezwa usiku na mchana: chembe nyekundu zinazochukua hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na vile vipande vidogo vinavyogandisha damu mtu akijikata. Katika ugonjwa huu chembe moja ya uboho huharibika, nayo huzaa nyingine zilizoharibika kama yenyewe, zisizojua kuacha kuongezeka. Hujaa katika damu, hujazana katika bandama, na bandama huvimba. Hilo ndilo lililokuwa tumboni mwa fundi wetu.

Je, nani aliyetuonyesha jinsi chembe ile inavyoharibika? Sikilizeni habari za mama mmoja wa Marekani.

Aliitwa Janet Rowley, aliyezaliwa New York mwaka 1925. Alipotaka kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago aliambiwa angoje, maana katika darasa la wanafunzi 65 nafasi za wanawake zilikuwa 3 tu, nazo zimejaa. Akangoja miezi tisa. Alimaliza masomo mwaka 1948, na kesho yake akafunga ndoa na daktari mwenzake. Mungu akawajalia watoto wanne, wote wa kiume. Bibi Rowley hakuacha udaktari, wala hakuwaacha watoto. Kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu za juma, mpaka kitinda mimba alipofika miaka 12.

Sasa, karibu kila chembe ya mwili ina nyuzi nyembamba sana ziitwazo kromosomu. Ziko 46, nazo huenda mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ndizo zinazobeba maagizo ya mwili: chembe ikue lini, iache lini. Wataalamu wamezipa namba. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwamba wagonjwa wa saratani hii wana uzi mmoja uliokuwa mfupi kupita kawaida. Watu wakadhani kipande chake kimepotea.

Bibi Rowley alijifunza kazi ya kuzitazama nyuzi hizo alipokuwa Uingereza, katika Oxford, pamoja na mumewe. Aliporudi Chicago alipewa mahali pa kufanyia kazi na hadubini, yaani darubini ya kutazamia vitu vidogo. Wakati huo ilikuwa imevumbuliwa njia mpya ya kuzipaka rangi kromosomu, zikaonyesha mistari kama ya kikoi, na kila moja ikajulikana kwa mistari yake. Rangi moja aliyoitumia ni mepakrini, ambayo ilikuwa dawa ya malaria waliyopewa askari katika Vita Kuu ya Pili. Nyingine ni Giemsa. Hii mtaikuta katika zahanati zetu: ndiyo rangi ambayo mpimaji hutumia kutafuta vijidudu vya malaria katika tone la damu.

Alizipiga picha kromosomu, akazichukua picha nyumbani, na juu ya meza ya chakula akazikata moja moja kwa mkasi na kuzipanga mbili mbili. Watoto wake walimtania kwamba mama analipwa kwa kucheza na wanasesere wa karatasi. Lakini kwa mchezo huo aliona jambo ambalo hakuna aliyeliona kabla yake. Kipande cha namba 22 hakikupotea. Kilikuwa kimehamia mwisho wa namba 9. Kumbe nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na kuunganishwa visivyo! Alitangaza hayo mwaka 1973. Katika saratani nyingine ya damu alikuwa ameona namba 8 na 21 zimebadilishana vipande, na mwaka 1977 akaona namba 15 na 17 katika saratani nyingine tena.

Wengi walisita kumsadiki. Walidhani kukatika huko ni matokeo ya saratani, wala si chanzo chake. Lakini wataalamu waliomfuata waligundua kwamba pale 9 na 22 zinapoungana hutokea agizo baya, lenye kuiamuru chembe iongezeke bila kukoma. Na chanzo kikijulikana, dawa hutafutwa. Daktari Brian Druker wa Oregon alishirikiana na watengeneza dawa kupata kidonge chenye kulizuia agizo hilo. Kilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha, 53 damu yao ilirudi hali ya kawaida. Mwaka 2001 kiliruhusiwa Marekani. Kinaitwa imatinibu, na wengine hukijua kwa jina la Glivec. Zamani wagonjwa walio wengi walikufa katika miaka michache. Leo wengi wanaokimeza sawasawa huishi karibu na umri wa watu wengine. Bibi Rowley aliyaona hayo kwa macho yake kabla ya kufariki mwaka 2013.

Wasomaji wapenzi, tazameni sasa ubaya wa kikao chetu. Ugonjwa huu hautumwi na mtu. Hauambukizi, wala baba hamrithishi mwanawe. Mionzi mikali, kama ile ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, huongeza hatari yake. Lakini kwa wagonjwa walio wengi hakuna kisababishi kinachoonekana: ni nyuzi mbili zilizokatika ndani ya chembe moja ya uboho. Shangazi alikuwa akipalilia mihogo yake. Hakuwa na kosa lolote, nasi tulivunja amri ya nane juu yake, wengine kwa kusema, na mimi kwa kunyamaza.

Lakini habari ya fundi haikuishia hapo. Alipata vidonge bila malipo. Tangu mwaka 2002 ulikuwako mpango wa kuwagawia dawa hii wagonjwa wa nchi maskini, na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania wamefaidika. Baada ya miezi saba tumbo lilishuka, akarudi kwenye randa na msumeno. Akajiona mzima, akaacha kumeza. Vidonge vilivyosalia akamgawia jirani mwenye uvimbe wa namna nyingine kabisa. Jirani hakufaidika kitu, na fundi damu ikaharibika tena. Kwa bahati njema aliwahiwa, akarudishwa kwenye dawa.

Basi, wazazi, shikeni mambo haya manne. Kwanza, bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara, kwa kichocho na kwa magonjwa mengine pia. Msikisie, nendeni mkapime damu mapema. Pili, dawa hii humezwa kila siku hata mtu akiwa na nguvu, na haiachwi isipokuwa kwa amri ya daktari anayeipima damu yake. Tatu, msigawiane. Saratani za damu ziko nyingi, na kidonge cha hii si kidonge cha zote. Nne, mama anayeimeza akiwa mjamzito, au akitazamia kupata mtoto, amweleze daktari mara moja, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nanyi wenye binti wanaopenda kusoma, kumbukeni nafasi zile 3 kati ya 65. Kama Janet yule angevunjika moyo katika miezi tisa ya kungoja, labda fundi wetu angekuwa kaburini.

Jumamosi iliyopita mimi na fundi tulipanda basi kwenda kwa shangazi. Nilichukua ile karatasi ya hospitali, nikamsomea mpaka mwisho, na zile karatasi nilizoziandika kikaoni nikazichana mbele yake. Fundi alimwomba radhi, nami nikamwomba. Alitusikiliza, akatupa chai na mihogo, akasema amesamehe. Lakini tulipomwambia tufuatane naye nyumbani alitikisa kichwa, akaingia ndani.

Daktari anacho kidonge cha uboho. Kwa neno tulilomtupia mjane yule hakipo. Basi, mgonjwa akilala nyumbani mwenu, tafuteni kwanza mpimaji wa damu, na jina la jirani liacheni.

Mungu awabariki nyote.

Ni mimi karani wenu wa parokia.