Hukumu Zivunjwapo kwa Uhaba wa Ushahidi

Kila Mahakama ya Rufani inapomwachia huru mtu aliyekwisha kuhukumiwa, maneno hayakosi barazani. Wako wasemao kwamba pamepita mkono wa chini. Wengine huwatwika majaji lawama yote. Sisi twaona kosa hutendeka mapema zaidi, tena mbali na mahakama.

Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, Mahakama hiyo, ambayo huamua rufani za Bara na Visiwani, ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno. Hapana budi ijulikane shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alimjua kabla ya hapo. Shahidi asemaye tu kwamba kulikuwa na taa, bila ya kueleza ilikuwa wapi na iling'aa kiasi gani, hajasema kitu. Na pengine si kosa lake. Askari aliyeandika maelezo hakumwuliza.

Ndivyo ilivyo kwa vielelezo. Mwaka 2009, katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake, Mahakama ilitaka maandishi ya mfuatano: nani alikamata kitu, nani alikihifadhi, kikaenda kwa nani. Kete za dawa za kulevya zilizopita mikononi mwa watu bila ya hati huzua shaka, hata kama mtaa mzima wamjua muuzaji.

Kupunguziwa adhabu ni jambo jingine. Hapo hatia imebaki pale pale. Majaji huingilia tu ikiwa adhabu imepita kiasi waziwazi, au pamesahauliwa jambo la kuzingatiwa, kama vile muda aliokaa mshtakiwa rumande.

Wapo watamanio njia ya mkato. Visiwa hivi viliijaribu katika miaka ya 1970, kwa Mahakama za Wananchi ambamo mawakili hawakuruhusiwa, na wazee wetu wangali wakiyakumbuka yaliyotokea.

Tangu mwaka 1966, katika kesi ya Fatehali Manji, ilikwisha amuliwa kwamba kesi haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Basi aliyeibiwa au kujeruhiwa hana pa kurejea. Twawataka wahusika wavipatie vituo vya polisi, Unguja na Pemba, madaftari ya vielelezo, makabati yenye kufuli, na wapelelezi waliofunzwa kuuliza habari za taa.