Uongo wa dola kumi

Najua nimepotea, mitihani ilinikaba koo. Leo nimerudi na hasira.

Juzi usiku, HELB bado haijaingia na unga umeisha, jamaa wa chumba jirani alikuja na "kazi". Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unapewa maneno tayari, alama ya reli na saa ya kuirusha. Anayelipa humjui. Nikamuuliza, habari yenyewe ni ya kweli? Akacheka: "Unataka ukweli ama unataka chakula?"

Sitadanganya, nilipiga hesabu ya unga kwanza. Halafu nikakataa.

Biashara hii si siri. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walionyesha vijana wa hapa Kenya wakilipwa dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, kazi yao kuwachafua wanaharakati na majaji wakati wa BBI. Hizo ndizo makombo zetu. Mezani wanakula wengine. Mwaka 2019 Facebook ilifuta akaunti, kurasa, makundi na matukio 265 ya Archimedes Group, kampuni ya Israeli iliyojifanya wenyeji wa Nigeria, Senegal, Togo na kwingineko. Matangazo pekee yaligharimu kama dola 812,000, tangu 2012. Na nani aliyekuwa akizipokea hizo pesa miaka yote? Facebook yenyewe! Mwizi na mlinzi wanagawana, halafu mlinzi anapiga filimbi.

Na sisi je? Mwaka 2018 bosi wa Cambridge Analytica alinaswa kwa kamera ya siri akijigamba kwamba waliendesha kampeni za 2013 na 2017 hapa kwetu, mpaka hotuba wakaandika. Mwaka huohuo kampuni ikafungwa. Wenyewe wakaenda zao.

Hapo ndipo watu wa "kazi ni kazi" wananiudhi. Hao wageni hawana jirani hapa. Uongo ukiwasha moto, kama tulivyoona 2007, wao wako London wanatuma ankara. Wewe uko Kibera, uko Burnt Forest, na aliyechukiwa kwa sababu ya maneno uliyorusha ndiye anayekuuzia sukuma wiki.

Jamaa yangu alilipwa. Alininunulia chapati. Nilikuwa na njaa, nikaila, na mpaka leo imenikwama. Nyinyi mngefanyaje?