Joto la jua: Mwenye kiwanda apige hesabu ya kuni kwanza

Wauzaji wa vifaa vya nishati ya jua hupenda kusema kwamba jua ni la bure. Kwa mfanyabiashara, kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Bati, feni na mkopo wa benki si vya bure.

Mtambo wa kupasha hewa kwa ukuta wa jengo ni rahisi kueleweka. Ukuta wa nje hufunikwa kwa bati la rangi nzito lenye maelfu ya matundu madogo, na nafasi huachwa kati ya bati na ukuta. Jua hupasha bati, feni huvuta hewa kupitia matundu, na hewa hiyo ya moto huingizwa ndani kwa mabomba. Hakuna kioo wala betri.

Wazo lenyewe ni la zamani. Edward Morse wa Marekani alipata hataza ya ukuta wa kupasha hewa mwaka 1881. Bati lenye matundu lilishika soko miaka ya 1990 huko Kanada, ambako kiwanda cha ndege cha Canadair mjini Montreal kilifungiwa mita za mraba zipatazo 10,000. Siku ya jua kali, hewa inaweza kuzidi ile ya nje kwa nyuzi 15 hadi 30 za Selsiasi.

Kanada inanufaika kwa sababu mbili. Wakati wa baridi jua hukaa chini na kuupiga ukuta wa kusini moja kwa moja. Aidha, jengo jipya hulazimika kununua bati la ukuta hata bila mtambo huo, hivyo gharama ya kuhesabu ni ile nyongeza tu.

Afrika Mashariki hali ni tofauti. Karibu na Ikweta jua la mchana huwa utosini, na paa hupata jua kuliko ukuta. Anayeuziwa ukuta wa Montreal kwa ajili ya Kericho au Njombe anauziwa hesabu ya nchi nyingine. Hapa bati hilo mahali pake ni juu ya paa.

Mteja wake si ofisi, bali ni kiwanda cha chai, ambacho huchoma kuni nyingi kwenye boila. Kukausha majani kunahitaji joto kali ambalo bati haliwezi kulifikia. Kunyausha kunahitaji hewa ya vuguvugu tu, na hapo ndipo kuni zinapoweza kupungua. Hata hivyo, majani huja kwa wingi msimu wa mvua, mawingu yakiwa yametanda, na kazi ya kunyausha huendelea usiku. Boila itabaki palepale.

Chukulia mfano. Nyongeza ya mtambo ni Sh milioni 12, kuni zinazookolewa ni za Sh milioni 3 kwa mwaka, na umeme wa feni ni Sh 500,000. Kinachobaki ni Sh milioni 2.5, na mwenye fedha zake mkononi hurudisha mtaji kwa miaka 5 hivi. Aliyekopa kwa riba ya asilimia 15 atalipa riba ya Sh milioni 1.8 mwaka wa kwanza pekee, na deni litamchukua zaidi ya miaka 9.

Kwa wakulima wadogo wa Kenya wenye hisa katika viwanda vya KTDA, gharama ya kuni hutoka kwenye malipo yao ya majani. Hao wana haki ya kuuliza mambo matatu kwenye mkutano mkuu kabla ya mkataba kutiwa saini: kuni ngapi huchomwa kwa kunyausha peke yake, jua huwaka saa ngapi msimu wa majani mengi, na fedha zinatoka wapi. Muuzaji asiye na majibu hayo angojee. Mali bila daftari hupotea bila habari.