Amepima Nini?

Wasee wa Nyeri, hii tabia ikome. Gari ya otomatiki ikigonga ukipunguza mwendo kwa tuta, ama ikishusha gia kwa kishindo ukipanda kutoka Sagana kuja Karatina, fundi anatamka tu: "Giaboksi imekufa, nunua ingine." Amepima nini? Hakuna!

Probox ya mzee wangu ilihukumiwa hivyo. Mzee alikuwa karibu auze ng'ombe. Fundi wa pili akachomoa kijiti: oili iko chini sana. Akaziba pale ilikuwa inavuja, akajaza, kishindo kikaisha.

Oili ikipungua, presha inashuka, klachi za ndani zinachelewa kushika, halafu zinashika kwa nguvu. Raba za injini zikikatika pia utasikia mgongo. Kwa hivyo dai vipimo. Oili kwanza, vile kitabu cha gari kinasema. Kisha mashine isome kodi. P0700 ni kompyuta kulalamika, si cheti cha kifo. Na uliza oili gani inawekwa: WS si T-IV, na CVT ina yake.

Oili ikinuka kuungua na iko na vipande vya chuma, sawa, tafuta pesa. Lakini fundi asiyepima, usimlipe hata bob.