Wingu Si Ghala

Nimekwisha kuusikia ushauri huu mara nyingi mno, katika semina za vikundi vya wakulima wa chai, katika vikao vya shule na hata baada ya ibada. Mtaalamu anasimama na kututangazia kwamba shida ya kupotea kwa kumbukumbu za kompyuta imekwisha. "Wekeni kwenye wingu," anasema, "halafu mlale usingizi." Watu hupiga makofi. Mimi sipigi, na ningependa, ndugu msomaji, ujue ni kwa nini.

Sisi wa Igowole mawingu tunayajua. Mwezi wa Juni hushuka mpaka kwenye majani ya chai, na jua likipanda huyaoni tena. Lakini kitu anachokisema mtaalamu huyu si wingu hata kidogo. Ni kompyuta za mtu mwingine, zilizopangwa ndani ya jengo lake, aghalabu katika nchi ya mbali, na ufunguo wa jengo hilo anao yeye. Jina la wingu linatufanya tusahau kuuliza nyumba ni ya nani na ina paa la namna gani.

Hebu tuulize. Je, majengo hayo hayaungui? Tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la kampuni ya OVHcloud liliteketea kwa moto mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliopoteza kila kitu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi ya faili za watumishi wa serikali, yenye terabaiti zipatazo 858, iliangamia, na haikuwa na nakala mahali pengine. Iwapo taifa lenye ufundi wa kiasi hicho limeweza kulia, sisi wa Mufindi tunaambiwa tulale usingizi kwa dhamana ya nani?

Tuulize pia habari za njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika chini ya bahari, na Tanzania nzima ikahangaika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikarejea baada ya siku kadhaa. Siku hizo aliyekuwa na daftari lake la kilo za chai mtandaoni tu hakuwa na daftari. Hata siku za kawaida, piga hesabu: mwenye picha na hati za gigabaiti 20, na mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, atahitaji saa zipatazo 22 bila kukatika. Bando ni la nani, na umeme utakubali?

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wetu hawalisemi kabisa. Huduma nyingi wanazotufundisha hazitunzi nakala; zinafananisha tu. Mtoto akifuta faili nyumbani, na huko nako linafutika. Kirusi kikiharibu hati hapa, iliyoharibika ndiyo inayopanda. Ni kweli lipo pipa la taka la kuokotea, lakini Google Drive huliacha faili humo siku 30 tu. Anayegundua hasara yake wakati wa mavuno amekwisha kuchelewa.

Na mwenye akaunti akifariki? Neno la siri amekwenda nalo kaburini. Laini yake ya simu, ambayo ndiyo hupokea namba ya uthibitisho, ikikaa bila kutumika hufungwa, na baadaye namba ile hupewa mtu mwingine. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Katika akaunti za namna hiyo zimo sauti za wazee wetu wakisimulia kwa Kihehe, mihtasari ya vikao vya mipaka ya mashamba, na picha za wazazi ambazo hazitapigwa tena.

Najua nitakavyojibiwa: flashi nazo hufa, kompyuta huibiwa, na radi za nyanda zetu hazimwogopi mtu. Ni kweli tupu. Nyumba ikiungua, nakala iliyo mbali ndiyo pekee itakayosalimika, na kwa hilo wingu lina manufaa makubwa. Ugomvi wangu ni na neno "halafu mlale". Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Mkulima wa Mufindi hatii mahindi yake yote ya mbegu katika gunia moja, akalipeleka kwa jirani asiyemjua. Kanuni ya mafundi wa kompyuta ni hiyo hiyo: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Ya kwanza iwe kwenye kompyuta yako. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, inayochomolewa kila baada ya kazi ili radi na virusi visiikute. Ya tatu ndiyo ipande mtandaoni, au ikae kwa ndugu aliyeko Mafinga au Makambako. Hati za ardhi na za kikundi zichapwe pia kwenye karatasi. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, akabidhiwe mtu wa kuaminika. Kisha, mara moja kila mwaka, jaribu kuifungua kila nakala, kwa sababu nakala isiyofunguka ni mzigo wa bure.

Mtaalamu akija tena Igowole na wingu lake, asipigiwe makofi kabla hajajibu swali moja: nakala nyingine ziko wapi?